Picha ya fomu ikifutwa mtandaoni, ndiyo kusema kura imeibwa?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi karibu na Nakuru, na niliwahi kuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Agosti 2022 shemeji yangu aliweka kwenye mtandao mmoja wa kijamii picha ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ambayo, kwa maoni yake, ilionyesha kuwa hesabu ya kituo fulani imebadilishwa. Baada ya saa chache picha ilifunikwa kwa onyo, na kesho yake haikuwapo tena; aliambiwa tu kwamba amekiuka kanuni. Tangu hapo hashikiki. Ukimwambia lolote kuhusu uchaguzi anauliza, "Mbona walifuta, kama hakuna la kuficha?" Sasa tunaelekea 2027. Je, kampuni hizi zinapofuta mambo wakati wa uchaguzi zinaulinda au zinaudhoofisha? Na wanaosema ni heri intaneti izimwe kwa wiki moja, wana hoja?

Jibu: Mwalimu, nianze na shemeji yako, kwa maana huenda picha yake ilikuwa ya uongo na bado akawa amekosewa. Kufutwa kwa chapisho hakusemi chochote kuhusu kura zilizohesabiwa kituoni. Kunasema tu kwamba ndani ya kampuni, mashine au mtu anayelipwa kwa kazi hiyo aliona kitu kinachofanana na vitu vilivyokatazwa na kanuni zao. Lakini shemeji hakuelezwa hivyo, na mtu aliyefungiwa mlango bila sababu hujitafutia sababu, hasa katika siku kama zile sita za Agosti 2022, kuanzia tarehe 9 hadi 15, ambapo nchi nzima ilikuwa imekaa mbele ya televisheni ikisubiri neno moja kutoka Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zilikuwa zikijumlishwa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Chapisho hupita kwanza kwenye mashine iliyofunzwa kwa mifano mingi ya zamani, nayo hukadiria linafanana kiasi gani na vitisho, matusi au uongo uliokwisha kutambuliwa. Likifanana sana huondolewa papo hapo. Likifanana kidogo, au likilalamikiwa na watumiaji wengi, huingia kwenye foleni ya wakaguzi wa maudhui, ambao ni vijana wanaokaa mbele ya kompyuta wakiamua kisa kimoja baada ya kingine kwa muda mfupi mno. Njia ya tatu ni ya taasisi za uhakiki wa habari, kama Africa Check na PesaCheck, ambazo hutafuta picha ya asili, hupiga simu na kuandika maelezo. Hawa hawana mamlaka ya kufuta kitu. Wakisema jambo ni la uongo, mtandao ulioingia nao mkataba huweka onyo na kulipunguzia chapisho watazamaji. Kwa jinsi ulivyosimulia, nadhani picha ya shemeji ilipitia njia mbili zisizojuana, onyo likatoka kwenye moja na kufutwa kukatoka kwenye nyingine. Katika njia hizo zote, hakuna hata mmoja aliyelazimika kwenda kusoma fomu iliyobandikwa mlangoni mwa kituo.

Wengi wa wasomaji wangu hudhani wakaguzi hao wako California. Kwa miaka kadhaa, hadi mwanzoni mwa 2023, sehemu kubwa ya ukaguzi wa Facebook kwa nchi za Afrika ilifanyika hapa Nairobi, chini ya mkandarasi aitwaye Sama. Mei 2022, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wetu, mkaguzi wa zamani, Daniel Motaung, aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni inayoimiliki Facebook, kuhusu mazingira ya kazi hiyo, na mwaka uliofuata wenzake wapatao 180 walifungua kesi yao kuhusu kuachishwa kazi. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya Ajira ilikataa hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikauunga mkono uamuzi huo Septemba 2024. Nayataja haya kwa sababu swali la shemeji, "nani alifuta?", lina jibu la kibinadamu kuliko anavyodhani. Inawezekana kabisa alikuwa kijana aliyepanda matatu kwenda kazini asubuhi ile, amechoka, akiwa na foleni isiyokwisha, na asiye na habari yoyote na njama.

Hapo pia ndipo lugha inapoingia. Chukua neno "madoadoa". Kwa mashine hayo ni mabaka ya chui, au ya kitambaa. Kwa mtu wa Bonde la Ufa aliyeishi Desemba 2007 na miezi iliyofuata, kuondoa madoadoa ni kuwafukuza majirani wa kabila jingine, na ndiyo sababu Seneta Mithika Linturi alikamatwa Januari 2022 alipolitamka kwenye mkutano wa Eldoret, ingawa alijitetea kwamba hakukusudia maana hiyo na akaomba radhi. Wewe wa Nakuru huhitaji kamusi kwa neno hilo. Mashine inaihitaji, na hata ikipewa kamusi haitajua ni wakati gani mtu anazungumzia vazi la mama mkwe. Serikali nayo haikwepi mtego huo: Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha yake ya maneno ya chuki mwaka huo, ilitia humo hata "hatupangwingwi", msemo wa kampeni wa mrengo mmoja, na jambo hilo likaishia Mahakama Kuu.

Kipimo kilichonisikitisha zaidi ni cha Julai 2022. Mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliiomba Facebook idhini ya matangazo ya kulipia yenye maneno ya chuki yaliyowahi kutumika Kenya, mengine kwa Kiswahili na mengine kwa Kiingereza, yakikusudia kuyaondoa kabla hayajaonyeshwa kwa mtu yeyote. Ya Kiswahili yalipitishwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, na sababu iliyotolewa haikuwa chuki. Ilikuwa sarufi na lugha chafu. Yaliposafishwa kidogo na kupelekwa upya, yakapita. Mwalimu wa lugha unaweza kucheka, lakini wiki hiyohiyo Tume ya Uwiano iliipa Meta siku saba ijirekebishe au isimamishwe, na mawaziri wawili, wa usalama na wa mawasiliano, wakalazimika kujitokeza kuwaahidi wananchi kwamba hakuna mtandao utakaofungwa. Meta kwa upande wake ilijitetea kwa takwimu: katika miezi sita iliyoishia 30 Aprili 2022 ilikuwa imechukua hatua dhidi ya machapisho zaidi ya 37,000 ya chuki na zaidi ya 42,000 ya uchochezi nchini Kenya. Takwimu hizo sizibezi, ila hazijibu lolote. Mtu akikuambia ameokota mawe 37,000 shambani, utamuuliza yamebaki mangapi. TikTok nayo ilikuwa na mawe yake: Juni mwaka huo ripoti ya Odanga Madung kwa taasisi ya Mozilla ilikusanya video zaidi ya 130 za uchochezi na upotoshaji kutoka akaunti 33, zilizotazamwa zaidi ya mara milioni 4, na ikaeleza kwamba baadhi ya wakaguzi walipewa video za lugha wasizozielewa.

Kwa hiyo kampuni hizi zinafuta kidogo mno na wakati huohuo zinafuta isivyostahili. Hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali lako. Lakini imani ya watu katika uchaguzi inakaa kwingine, kwenye karatasi ambayo wewe mwenyewe uliwahi kuijaza.

Kwa faida ya wasiowahi kuishika: kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo huandika kwenye Fomu 34A kura za kila mgombea wa urais, kura zilizokataliwa na jumla ya kura halali. Mawakala wa wagombea hutia saini. Fomu hupigwa picha kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha uchaguzi, na picha hutumwa kwenye kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura. Nakala nyingine hubandikwa mlangoni, mahali ambapo hata mama anayeuza mahindi ng'ambo ya barabara anaweza kuisoma. Mwaka 2022 tulikuwa na vituo 46,229, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliziweka picha za fomu hizo kwenye tovuti iliyokuwa wazi kwa kila mtu.

Tazama uwezo uliomo humo. Kituo kimoja hakipewi wapiga kura zaidi ya 700. Ukitumiwa fomu yenye kura 1,214 kutoka mkondo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupigia kura, wa shule ya msingi, imejikana yenyewe kabla hujamtafuta mhakiki yeyote. Wagombea walikuwa wanne: Odinga, Ruto, Wajackoyah na Mwaure. Jumlisha kura zao. Zisipolingana na jumla ya kura halali iliyoandikwa chini, ama msimamizi amekosea hesabu saa nane za usiku akiwa na tochi ya simu, ama kuna mkono mwingine umepita. Kisha tazama msimbo wa kituo, ufungue fomu hiyohiyo kwenye tovuti, uzilaze pamoja. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Nakiri kwamba mwaka 2017 mimi mwenyewe, ambaye hii ndiyo kazi yangu, nilisambaza kwa ndugu zangu picha ya fomu nisiyoihesabu, na aliyenisahihisha ni binti wa dada yangu wa kidato cha pili, aliyekuwa ameshika kikokotoo.

Tofauti ya 2017 na 2022 iko hapo. Mwaka 2017 tarakimu zilitiririka kwenye skrini usiku kucha huku fomu zake hazionekani. Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, Tume haikutekeleza amri hiyo ipasavyo, na tarehe 1 Septemba majaji walio wengi, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, wakaubatilisha uchaguzi wa urais. Msemo wa "vifaranga vya kompyuta", yaani viongozi waliototolewa na kompyuta badala ya kura, ukazagaa nchi nzima, na hata ungefutwa kwenye kila simu usingetoka vichwani, kwa sababu ulijaza pengo la fomu ambazo watu hawakuziona.

Sisemi kwamba uwazi huleta utulivu mara moja. Mwaka 2022 vyombo vya habari vilianza kujijumlishia fomu kutoka kwenye tovuti, kila kimoja kwa mpangilio wake, hivyo katika saa ileile televisheni moja ilimwonyesha Ruto akiongoza na nyingine Odinga, na zote mbili zikawa sahihi kwa fomu zilizokuwa zimeingiza. Watazamaji waliona wizi. Vyombo vikapunguza kasi kisha vikanyamaza, na kunyamaza kwao nako kukaonekana njama. Halafu likaja lile la tarehe 15 Agosti: mwenyekiti Wafula Chebukati akamtangaza Ruto kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga, na makamishna wanne kati ya saba, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, wakawaita waandishi wa habari mahali pengine mjini na kuyakana matokeo hayo. Naomba shemeji alitafakari hilo kidogo. Pigo kubwa kuliko yote dhidi ya imani ya umma mwaka ule halikutoka kwenye akaunti bandia. Lilitoka kwa maafisa walioapishwa, wakizungumza mbele ya kamera, na hakuna kanuni ya mtandao wowote ambayo ingeweza, wala ilipaswa, kulizuia.

Kilichotuliza mambo ni kwamba palikuwa na kitu cha kukagua. Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ililinganisha fomu za asili na picha zilizotumwa na zile za tovuti, haikuona tofauti ya maana, na ikasema kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kama ushahidi zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au za kughushi moja kwa moja. Uamuzi wa 5 Septemba ulikuwa wa majaji wote saba. Wapo ambao hadi leo hawaukubali, na hiyo ni haki yao, lakini wanabishana kuhusu karatasi zinazoonekana.

Sasa nikiulizwa kampuni zifanye nini, naweka mstari wangu hivi. Kinachopaswa kufutwa bila kuchelewa ni wito wa kudhuru watu, vitisho dhidi ya makarani na mawakala, na uongo unaomnyima mtu kura yake, kama tangazo kwamba siku ya kupiga kura imeahirishwa au kituo kimehamishwa. Fomu inayotiliwa shaka haimo katika kundi hilo. Iachwe ionekane, iwekewe alama iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na alama hiyo impeleke msomaji kwenye fomu ya kituo hichohicho katika tovuti ya Tume, ili azione zote mbili. Ukiifuta unafuta pia nafasi ya kuisahihisha: picha yenyewe imeshahamia WhatsApp, na maelezo ya wahakiki hayana tena pa kuning'inizwa. Wamarekani walilipata somo hilo Oktoba 2020, Twitter ilipozuia kiungo cha habari ya gazeti la New York Post kuhusu mwana wa Joe Biden. Siku mbili baadaye Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, alikiri kwamba kuzuia kiungo namna ile lilikuwa kosa, lakini habari ilikuwa imekwisha kupata uzito ambao gazeti lenyewe lisingeweza kuupa. Na anayefutiwa aambiwe kanuni gani, kwa neno gani, na akate rufaa wapi. Laiti shemeji angepata sentensi mbili za namna hiyo, huenda leo angekuwa anabishana nanyi kuhusu mpira.

WhatsApp ni nyumba nyingine. Ujumbe humo umefungwa kiasi kwamba kampuni yenyewe haiusomi, hivyo hakuna mkaguzi wa kumlaumu wala wa kumtegemea. Walichofanya ni kupunguza mwendo: tangu Januari 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya soga tano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi huenda kwa soga moja tu. Katika kikundi cha ukoo, mkaguzi ni wewe, na kwa uzoefu wangu mzee anayeuliza kwa upole, "Hii ni ya mkondo gani, nani alisaini?" ana nguvu kuliko anayeandika "uongo mtupu" kwa herufi kubwa.

Kuhusu kuzima intaneti, hapana. Uganda, Januari 2021, Facebook iliondoa mtandao wa akaunti bandia uliohusishwa na kituo cha Wizara ya Habari na Mawasiliano. Siku iliyofuata Rais Museveni akatangaza kuifunga Facebook kwa madai kwamba inapendelea upande mmoja, na mkesha wa kura ya tarehe 14 intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Facebook ilipofungwa, waliokuwa na VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, waliendelea kusemezana, lakini intaneti yote ilipozimwa hata hiyo haikufaa kitu. Aliyezimiwa kweli ni wakala wa kijijini aliyetaka kutuma picha ya fomu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizimiwa intaneti kuanzia 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, kwa karibu wiki tatu. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, likasema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na data zake, na kwa kuwa Tume ya huko haikuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo, mabishano yale hayakuwa na pa kuishia. Tanzania ilizima siku yenyewe ya kura, 29 Oktoba 2025, kwa takriban siku tano, na intaneti iliporudi makadirio ya upinzani na ya Umoja wa Mataifa kuhusu waliouawa yalikuwa mbalimbali mno. Na sisi tusijisifu: 30 Desemba 2007 ni Serikali ya Kenya iliyopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwa jina la utulivu, jumbe fupi za simu zikashika nafasi ya redio, na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha katika wiki zilizofuata.

Kinachonitia wasiwasi kuelekea 10 Agosti 2027 ni kwamba macho yamepungua. Meta iliifunga CrowdTangle, chombo tulichokitumia kufuatilia uvumi unavyoenea, Agosti 2024. Januari 2025 ilitangaza kuachana na wahakiki wa nje huko Marekani, na ingawa uamuzi huo ulihusu kwao tu, taasisi zetu zinazotegemea fedha hizo zimeshaanza kujiuliza zitaendeshwaje. Kwa hiyo nisingeweka matumaini yangu kwa kampuni. Ningeuliza Tume mpya mambo mawili tangu sasa: je, tovuti ya fomu itafunguliwa tena saa ileile vituo vinapofunga, na je, itabaki hewani baada ya kesi kwisha?

Na shemeji mpe kazi. Siku hiyo jioni asimame kwenye kituo chake, asubiri fomu ibandikwe, aipige picha kwa mwanga wa kutosha, saini na msimbo vionekane, kisha ailinganishe na ya tovuti kesho yake. Zikitofautiana, asianze na mtandao wa kijamii. Apeleke picha hiyo kwa wakala wa mgombea wake na kwa mwandishi wa habari anayemwamini, kwa sababu ombi la kupinga matokeo ya urais hufikishwa mahakamani ndani ya siku saba tangu yatangazwe.